Majira ya Injini: Mkanda, Alama na Jino katika Kiswahili cha Gereji

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazofanyika kila siku katika gereji za Afrika Mashariki, ipo moja ambayo haivumilii kauli yenye maana mbili. Kazi hiyo ni kubadilisha mkanda wa taimingi, yaani ule mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha krenkshafti na kemshafti ya injini. Fundi akikosea jino moja, gari huwaka kwa shida na kukosa nguvu. Akikosea meno kadhaa katika injini za aina fulani, valvu hugongana na pistoni na kupinda, na mwenye gari hulazimika kugharimia kufunguliwa kwa silinda hedi, pengine hata kununua injini nyingine. Maelekezo ya kazi yenye hatari kama hiyo hutolewa, kwa sehemu kubwa, kwa mdomo na kwa Kiswahili. Mwanagenzi huyapokea akiwa ameinama juu ya boneti, spana mkononi, na hana kitabu cha kumsahihisha pale neno linapompeleka kombo.

Mhadhara huu unaieleza kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho na, papo hapo, unachunguza maneno yanayoibeba. Wanaistilahi wamezoea kuanza na orodha ya maneno ya Kiingereza, kisha kuyatafutia visawe. Hapa njia imegeuzwa: kazi ndiyo inayotangulia, na neno linapimwa kwa swali moja tu, nalo ni kama mtu aliyelisikia atatenda kitendo sahihi. Kipimo hiki ni kikali kuliko vile vya ufupi, urahisi wa kutamka na usanifu, ambavyo aghalabu hutajwa katika mijadala ya istilahi. Neno linaweza kuvifaulu vyote vitatu na bado likavunja injini.

2.0 Mizunguko miwili kwa mmoja

Injini ya petroli ya kawaida hufanya kazi kwa mipigo minne. Pistoni hushuka ikivuta hewa na mafuta. Hupanda ikiugandamiza mchanganyiko huo. Hushuka tena ikisukumwa na moto uliowashwa na plagi. Kisha hupanda mara ya pili ikiusukuma nje moshi. Kupanda na kushuka mara moja ni mzunguko mmoja wa krenkshafti. Kwa hiyo mipigo minne ni mizunguko miwili. Katika mizunguko hiyo miwili kila valvu hutakiwa kufunguka mara moja tu, na kwa kuwa valvu hufunguliwa na kemshafti, kemshafti hutakiwa kuzunguka mara moja wakati krenkshafti inazunguka mara mbili. Ndiyo maana puli ya kemshafti huwa na meno maradufu ya yale ya gia ya krenkshafti.

Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme gia ya krenkshafti ina meno 20 na puli ya kemshafti ina meno 40. Mzunguko mzima una nyuzi 360. Jino moja, basi, ni sawa na nyuzi 18 za krenkshafti, au nyuzi 9 za kemshafti. Idadi halisi ya meno hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine, lakini ukubwa wa kosa ni wa kadiri hiyo: kosa la jino moja si dogo hata kidogo.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba kinachosetiwa hapa si wakati kwa maana ya sekunde. Injini inayozunguka mara 750 kwa dakika hutumia sekunde 0.08 kwa kila mzunguko. Ikipandishwa hadi mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.01. Muda umepungua mara nane. Hata hivyo, katika injini isiyo na mtambo wa kubadili majira ya valvu, valvu hufunguka katika pembe ileile ya mzunguko. Kinachosetiwa ni pembe, au tuseme mahali: krenkshafti ikiwa hapa, kemshafti iwe pale. Mkanda ndio unaohifadhi mapatano hayo.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na gia au mnyororo peke yake. Mkanda wa mpira wenye meno ulianza kutumika katika gari la kuuzwa kwa umma mwaka 1962, katika gari la Kijerumani la Glas 1004, na baadaye ukaenea kwa kuwa ni mwepesi, hauna kelele na hauhitaji oili. Udhaifu wake ni kwamba huzeeka, tena hauzeeki kwa kelele kama mnyororo uliolegea. Hukatika ghafla.

3.0 'Taimingi', 'wakati' na 'majira'

Neno linalotawala gereji ni 'taimingi', na limekwisha kuota mizizi. Husemwa 'kuseti taimingi', 'taimingi imeruka', 'injini haina taimingi'. Mkanda wenyewe huitwa mkanda wa taimingi, ingawa nchini Kenya wapo wanaouita mshipi. Kitenzi 'kuseti' nacho kimeshika tabia zote za kitenzi cha Kibantu: injini husetiwa, husetika, na fundi mkuu humsetisha mwanagenzi. Hakuna haja ya kulilia neno ambalo limekubali viambishi kwa utulivu kiasi hicho.

Swali linabaki kwa mwandishi wa kitabu cha ufundi anayetaka neno la Kiswahili la kuwekwa kando ya hilo la mkopo. Kishawishi cha kwanza ni 'wakati'. Neno hilo halifai. Mwanafunzi akiambiwa kwamba fundi anarekebisha wakati wa valvu, atafikiri juu ya mwendo wa saa na kuuliza ni sekunde ngapi, na kama ilivyoonyeshwa hapo juu, sekunde hazihusiki.

Neno 'majira' lina bahati nyingine. Wasemaji wengi wa leo hulifahamu kwa maana ya kipindi cha mwaka: majira ya masika, majira ya kiangazi. Lakini Kiswahili cha zamani kilikuwa na usemi 'kutia saa majira', yaani kuiweka saa sawasawa na wakati ulio sahihi. Na katika lugha ya mabaharia wa pwani, majira yalikuwa pia njia au mwelekeo wa chombo: nahodha alishika majira yake. Neno moja, basi, limebeba kuafikiana kwa vitu viwili vinavyozunguka pamoja na mwelekeo unaopimwa kwa dira. Hizo ndizo hasa sehemu mbili za dhana ya taimingi katika injini. Ni vigumu kupata neno lingine la Kiswahili lililoandaliwa vizuri hivyo na historia yake kwa kazi ambayo waliolitumia kwanza hawakuiwaza.

Haielekei kwamba 'majira ya valvu' yatalifukuza neno 'taimingi' gerejini, wala hakuna sababu ya kulazimisha hivyo. Thamani yake ni katika maandishi, ambapo mwanafunzi anahitaji kuelezwa dhana kabla hajaiona kwa macho.

Kuhusu kitenzi, uchaguzi una uzito zaidi. 'Kusawazisha' ni hatari, kwa kuwa kunadokeza kwamba vitu viwili vifanywe kuwa sawa, ilhali krenkshafti na kemshafti haziendi sawa kamwe. Moja huzunguka mara mbili ya nyingine. 'Kulinganisha' kunafaa kwa alama, kwa maana ya kuziweka mkabala, lakini pia kuna maana ya kupima tofauti ya vitu viwili. 'Kuoanisha' ndiko kunakokaribia zaidi, kwa kuwa vitu huweza kuoana bila kufanana.

4.0 Kazi yenyewe: mfano wa Corolla

Mfano unaofaa ni ule wa injini za Toyota za jamii ya A, yaani 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zilizofungwa katika Corolla, Sprinter na Carina za miaka ya 1990. Afrika Mashariki imezijua sana injini hizi kupitia Corolla zile zinazoitwa kwa tarakimu za chasisi zake, 100 na 110. Ni injini za silinda nne na valvu 16. Zina kemshafti mbili, lakini mkanda huzungusha moja tu, nayo huizungusha ya pili kwa gia ndogo zilizo ndani.

4.1 Kuifikia injini

Injini imelazwa kwa upana wa gari, na upande wenye mkanda uko nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Fundi huondoa waya wa hasi wa betri, hulegeza nati za gurudumu hilo, huinua gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi, kisha huondoa gurudumu na kinga ya chini. Mikanda ya nje inayozungusha altaneta na vifaa vingine huondolewa. Plagi zote nne hutolewa ili injini izunguke kwa mkono bila ukinzani wa mgandamizo. Kifuniko cha valvu hufunguliwa pia. Kishikizo cha injini cha upande huo nacho hakina budi kufunguliwa, na kabla ya hapo injini hushikiliwa kutoka chini kwa jeki yenye kipande cha mbao juu yake ili sampu isibonyee.

4.2 'Juu' ipi?

Hatua inayofuata ndiyo kiini. Mwanagenzi huambiwa: 'Weka silinda namba moja juu.' Kauli hii ni fupi, inaeleweka, na haitoshi. Pistoni hufika juu mara mbili katika mizunguko miwili ya krenkshafti: mara moja mwishoni mwa kugandamiza, na mara moja mwishoni mwa kutoa moshi. Kwa kutazama krenkshafti peke yake hakuna namna ya kuzitofautisha, kwa kuwa alama yake huonyesha kilekile katika hali zote mbili. Anayezitofautisha ni kemshafti.

Katika injini hizi, puli ya nje ya krenkshafti ina mkato, na kava la plastiki lililo nyuma yake lina kipimo chenye alama ya 0. Injini huzungushwa kwa soketi iliyovishwa kwenye bolti ya puli mpaka mkato uelekeane na 0. Hapo fundi hutazama puli ya kemshafti. Tundu lililo kwenye puli hiyo, penye herufi K katika 4A-FE, linapaswa kuelekeana na alama iliyo kwenye kofia ya beringi ya kemshafti. Ikiwa tundu halionekani mahali hapo, haina maana kwamba kuna kitu kimeharibika. Maana yake ni kwamba pistoni iko juu nyingine, na krenkshafti izungushwe mzunguko mmoja mzima.

Mafundi wenye uzoefu wana njia ya kuthibitisha. Injini ya silinda nne huwasha kwa mfuatano wa 1-3-4-2, na pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja. Silinda ya kwanza ikiwa juu ya mgandamizo, valvu zake zote zimefungwa na zina uwazi mdogo wa kuchezea. Wakati huohuo silinda ya nne iko kati ya kutoa moshi na kuvuta hewa, na krenkshafti ikitikiswa kidogo mbele na nyuma, valvu zake huonekana zikipishana, hizi zikifunga na zile zikifungua. Kiswahili kinaweza kuyasema yote haya bila mkopo wowote, mradi msemaji asiridhike na neno 'juu'. Kauli 'juu ya mgandamizo' na 'juu ya moshi' zina neno moja zaidi kila moja, na neno hilo ndilo linaloiokoa kazi.

4.3 Upande wa kuzungushia

Injini huzungushwa kwa upande mmoja tu, ule unaozungukia yenyewe. Kusema 'zungusha kulia' hakutoshi, kwa sababu kitu kinachozunguka huenda kulia kwa juu na kushoto kwa chini, na anayekitazama kutoka nyuma hukiona kinyume. 'Kama mishale ya saa' ni bora, ila inadai mtazamaji awe upande wa puli. Gereji ina usemi wake ulio imara kuliko yote hayo: 'upande wa kufunga nati'. Mkono uliofunga nati maelfu ya mara hauhitaji kutafakari, unajua. Kinyume chake ni 'upande wa kufungua'. Vitabu vya ufundi vingefaidika kuliazima pato hili la gerejini.

4.4 Kuutoa mkanda

Bolti ya puli ya krenkshafti hukazwa kwa nguvu kubwa, na kuifungua bila kuvuruga mkao wa krenkshafti huhitaji kifaa cha kuishikilia puli. Puli ikitoka, pamoja na mkato wake wa nje, wanagenzi wengi hushtuka: alama waliyoitegemea imeondoka nayo. Ipo nyingine. Gia ya ndani ya krenkshafti ina alama yake, nayo huelekeana na alama iliyochongwa kwenye bodi ya pampu ya oili. Kuanzia hapo hizo ndizo alama za kufuata.

Bolti ya puli ya kukazia mkanda hulegezwa, puli husukumwa upande na kufungwa kwa muda, mkanda hutoka. Tangu dakika hiyo krenkshafti na kemshafti hazigeuzwi ovyo, kwa sababu hakuna tena kinachozifungamanisha. Huu pia ni wakati wa kukagua oili sili za mbele, maana mkanda ulioloweshwa na oili haudumu. Pampu ya maji ya injini hizi huzungushwa na mkanda wa nje, hivyo haimo katika kazi hii. Katika 3S-FE, kwa upande mwingine, pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe, na ni busara kuibadilisha papo hapo kuliko kuirudia kazi nzima baadaye.

4.5 Kuuvisha mpya

Mkanda mpya haukunjwi kwa nguvu, haupinduliwi ndani nje, wala hauchokonolewi kwa bisibisi. Huvishwa kwanza kwenye gia ya krenkshafti, kisha huvutwa kuelekea puli ya kemshafti kwa ule upande usio na puli ya kukazia, bila kuacha ulegevu wowote. Sababu yake ni rahisi. Krenkshafti ndiyo inayovuta. Upande wa mkanda unaoshuka kuelekea krenkshafti huwa umevutika kila mara injini inapofanya kazi, na ulegevu wote hukusanyika upande wa pili, ambako ndiko ilikowekwa puli ya kukazia. Fundi anayeacha ulegevu upande unaovutwa huziona alama zake zote zikiwa sahihi, anafurahi, anaachia puli ya kukazia, na kemshafti inageuka nusu jino au jino zima mbele ya macho yake. Mara nyingi huwa hatazami tena.

Mkanda ukishakaa, bolti ya puli ya kukazia hulegezwa ili springi yake iuvute, na krenkshafti huzungushwa kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili kwa upande wa kufunga nati. Ni miwili kwa sababu kemshafti inahitaji miwili ili irudi ilipoanzia. Alama zote huangaliwa upya. Zikiwa zimeelekeana, bolti hukazwa kwa kipimo kilichowekwa na mtengenezaji. Zikiwa zimepishana jino, mkanda hutolewa na kazi kuanza tena. Hakuna njia ya mkato. Na ikiwa katika kuzungusha mkono unakutana na ukinzani mgumu wa ghafla, kuzungusha kukome hapohapo, kwa kuwa huenda valvu imeigusa pistoni. Kwa sababu hiyo kazi haipimwi kamwe kwa stata. Stata haina hisia za mkono.

Hapa pana neno moja la kuangaliwa. Mikanda mingi huja na mistari ya rangi inayoonyesha mahali pa kukaa wakati wa kuvishwa. Baada ya mizunguko miwili mistari hiyo haitakuwa tena kwenye alama, kwa kuwa urefu wa mkanda haulingani na mizunguko ya puli. Wanagenzi hudhani taimingi imeruka. Shida ni kwamba mstari wa mkanda, tundu la puli na mkato wa krenkshafti vyote huitwa 'alama'. Pale ambapo lugha ina mkato, tundu, mstari na mchongo, si busara kuviita vyote kwa jina moja.

5.0 Taimingi mbili, kipimo kimoja

Utata mkubwa kuliko wote umo katika neno 'taimingi' lenyewe. Injini ya petroli ina majira mawili. La kwanza ni la valvu, linalosetiwa kwa mkanda. La pili ni la moto, yaani pembe ambayo plagi hutoa cheche, ambalo katika injini zenye distribyuta husetiwa kwa kuigeuza distribyuta. Gerejini yote mawili huitwa taimingi, na kwa kawaida muktadha hutosha kuyatenganisha.

Lakini katika Corolla inayozungumziwa hapa, majira yote mawili husomwa kwenye kava lilelile, kwa mkato uleule wa puli. Taimingi ya moto hupimwa injini ikiwa inaunguruma taratibu, ncha za TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, na taa ya kupimia inapaswa kuuonyesha mkato kwenye nyuzi 10 kabla ya juu. Mkanda, kinyume chake, huvishwa mkato ukiwa kwenye 0. Mwanagenzi aliyefundishwa wiki iliyopita kwamba 'taimingi ya gari hili ni 10' ana kila sababu ya kuuweka mkato kwenye 10 siku anapoachiwa mkanda. Hakukosea kusikia. Aliyemwambia ndiye aliyeacha neno nje: 'taimingi ya moto'.

Mfano huu una uzito kwa mjadala wa istilahi. Hoja ya kawaida dhidi ya maneno ya mkopo ni kwamba hayaeleweki. Hapa neno linaeleweka vizuri mno, na kila mtu ana hakika ameelewa. Udhaifu wake hautokani na ugeni. Hata 'majira' yangekuwa na udhaifu uleule kama yangeachwa bila kijalizo. Kamusi inayoliingiza neno 'taimingi' kwa fasili moja tu haitakuwa imemsaidia mtu.

6.0 Injini zinazosamehe na zisizosamehe

Kwa bahati njema, injini za 4A-FE, 5A-FE na 3S-FE zina nafasi ya kutosha kati ya valvu na pistoni. Mkanda ukikatika njiani gari huzima tu, na mkanda mpya ukivishwa vizuri huwaka tena. Huenda sifa hii imechangia uzembe wa baadhi ya wenye magari, ambao husubiri mkanda ukatike.

Injini za dizeli hazina huruma hiyo. Ili mafuta yawake kwa joto la mgandamizo pekee, chumba cha moto hubanwa sana, na nafasi juu ya pistoni huwa ndogo mno. Katika Toyota za 2L, 3L na 5L, zilizobeba Hiace na Hilux nyingi za abiria na mizigo katika ukanda huu, mkanda mmoja huunganisha krenkshafti, kemshafti na pampu ya dizeli. Kwa hiyo alama za kuoanishwa ni tatu, na mkanda ukikatika injini ikiwa katika mwendo, valvu hugonga pistoni. Mtengenezaji aliweka taa ya onyo iliyoandikwa T-BELT kwenye dashibodi, ambayo huwaka baada ya kilomita 100,000, au 150,000 katika baadhi ya masoko. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu, na aliyebadilisha mkanda ndiye anayetakiwa kuirudisha mwanzo.

Magari mengi madogo yaliyofuata, kama yale yenye injini ya 1NZ-FE, yamerudi kwenye mnyororo, na kizazi kipya cha mafundi huenda kikavisha mikanda michache kuliko walimu wao. Msamiati wa alama, jino na juu haubadiliki, kwa kuwa mnyororo nao husetiwa kwa njia hiyohiyo.

7.0 Kibandiko

Magari yaliyotumika Japani huja mara nyingi na karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya boneti au juu ya kava la injini, yenye maandishi ya Kijapani, tarehe na idadi ya kilomita. Ni kumbukumbu ya siku mkanda ulipobadilishwa. Watu wengi huibandua wakati wa kusafisha injini bila kujua ina nini. Hata anayejaribu kuisoma hupotezwa na mwaka, kwa kuwa mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, ambao ndio mwaka wa kwanza, na ilikoma mwaka 2019. Kwa hiyo mwaka wa 10 ni 1998 na mwaka wa 15 ni 2003. Ili kuupata mwaka wa kawaida, tarakimu hiyo huongezwa 1988. Gari lenye kibandiko cha mwaka wa 10, mwezi wa 6, lilivishwa mkanda Juni 1998, hata kama mita yake inaonyesha kilomita chache zinazotia shaka.

Gereji chache huandika kibandiko cha Kiswahili baada ya kazi, nazo zinastahili kuigwa. Maneno yanayohitajika hayazidi mstari mmoja: mkanda wa taimingi umebadilishwa, tarehe fulani, kilomita kadhaa, pamoja na kilomita za kubadilisha tena. Kalamu isiyofutika itumike, na karatasi ibandikwe mbali na joto la ekzosti, kwenye kava la juu la mkanda wenyewe, mahali ambapo fundi atakayefuata ataiona kabla hajashika spana.